Swali la tisa

Saa 2:00 asubuhi. Nafungua dirisha la chumba changu cha ushauri nasaha, naweka tishu mahali mteja atakapoifikia bila kuomba, kisha napitia mafaili. Kijana wa saa 4 amejaza PHQ-9, dodoso la maswali tisa la kupima dalili za sonona. Jumla yake si ya kutisha, lakini swali la tisa, lile la mawazo ya kufa au kujidhuru, ametia alama 1 kati ya 3. Anayesoma jumla tu angelipita.

Saa 3:00. Mama mwenye tatizo la usingizi. Anaendelea vizuri.

Saa 4:00. Kijana anaongelea kazi kwa dakika ishirini. (Nimebadilisha mengi asitambulike.) Halafu, akitazama chini: "Wakati mwingine naona heri nilale nisiamke."

Namwuliza, "Unafikiria kujiua?"

Nilipokuwa mwanafunzi nililikwepa neno hilo. Nilikuwa nasema, "Huna mawazo mabaya, sivyo?" na mtu anajibu hapana, maana nimeshamwonyesha jibu ninalolitaka. Kuuliza waziwazi hakumpandikizii mtu wazo hilo. Tafiti zimeliangalia sana jambo hili.

Anakunja tishu mara mbili, mara nne, mpaka haikunjiki tena. "Ndiyo."

Sikimbilii simu. Nauliza taratibu: tangu lini? Yanakuja mara ngapi? Umeshapanga utafanyaje? Umewahi kujaribu? Nini kimekuzuia mpaka leo? Kutamani kufa na kuwa na mpango ni mambo mawili tofauti, na majibu haya ndiyo yanayoniambia kama atarudi nyumbani leo.

"Daktari, utanilaza hospitalini?" (Nilishamwambia mimi si daktari.)

"Kwa uliyoniambia, hapana. Ikifika huko, utakuwa wa kwanza kujua." Mipaka ya usiri, yaani ni lini nitalazimika kumshirikisha mtu mwingine, nilimweleza tangu siku ya kwanza, leo ndipo ameielewa.

Saa 4:50. Muda umekwisha, hatuinuki. Tunaandika mpango wa usalama, kwa utaratibu wa wanasaikolojia Stanley na Brown: dalili kwamba hali inachacha, anachoweza kufanya peke yake, pa kwenda, wa kumpigia, huduma ya dharura, na jinsi ya kuweka mbali vitu vya hatari. Anaandika mwenyewe, maneno yake. Wapo wanaomsainisha mteja ahadi ya kutojiua. Naona karatasi ile humtuliza mshauri kuliko mteja.

Anampigia dada yake mbele yangu. "Dada, njoo unichukue. Nitakueleza."

Saa 6:00. Naandika nilichouliza, alichojibu, na sababu za uamuzi wangu. Nampigia msimamizi wangu. Anasikiliza, kisha ananiuliza: "Na wewe, umekula?" Sijala.

Saa 8:00 hadi 11:00. Wateja watatu. Wa mwisho nilimsikiliza nusu nusu, na sikujivunia.

Saa 12:15 jioni. Ujumbe kutoka kwa dada, kwa ruhusa ya kijana: "Tumefika. Vile vitu ninavyo mimi. Amelala."

Naandika kwenye shajara ya kesho, saa 3:00 kamili: kumpigia.