Asilimia ya Prosesa Peke Yake Haitoshi Kuipima Seva

Wasimamizi wa seva wenzangu hapa Mbeya, hasa wanaohudumia vyuo na SACCOS, huniuliza mara kwa mara prosesa ikifika asilimia ngapi ndipo mtu aanze kuhangaika. Wengi hutarajia nitaje namba moja, 80 au 90, waiweke kwenye mfumo wa tahadhari na kuendelea na shughuli nyingine. Sitaji namba hiyo kabla ya kujua seva inafanya kazi gani na watumiaji wake wanasubiri kwa muda gani, kwa sababu asilimia ile hueleza tu sehemu ya muda ambayo prosesa haikukaa bure, wala haisemi ni kazi ngapi zimekwama zikingoja zamu. Mashine ya kusaga mahindi pale Mwanjelwa inaweza kunguruma kutwa nzima bila shida yoyote. Shida huanza pale madebe yanapofika mlangoni kwa kasi inayozidi ile ya kuyasaga.

Hesabu za foleni, ambazo Mdenmarki A. K. Erlang alianza kuzichapisha mwaka 1909 alipokuwa akichunguza msongamano wa simu mjini Copenhagen, zinaonyesha jambo hili waziwazi. Ikiwa kazi zinafika bila mpangilio na kuhudumiwa na kore moja (kitengo kimoja cha kukokotoa ndani ya prosesa), basi kore hiyo ikitumika kwa asilimia 50 kila kazi huchukua kwa wastani mara mbili ya muda wake halisi. Kwa asilimia 80 huchukua mara tano, na kwa asilimia 90 mara kumi. Lakini seva yenye kore 8 zinazogawana foleni moja, kwa asilimia hiyohiyo 80, huongeza muda wa kazi kwa chini ya theluthi moja tu. Kwa hiyo asilimia 80 inaweza kuwa balaa kwenye seva ndogo na hali ya kawaida kwenye seva kubwa, na anayenakili kipimo cha mwenzake bila kuhesabu kore anajitafutia usumbufu.

Kwenye mfumo endeshi wa Linux, amri ya uptime huonyesha wastani wa mzigo, yaani idadi ya kazi zinazoendeshwa au kungoja zamu, kwa dakika 1, 5 na 15, na mazoea ni kuulinganisha na idadi ya kore. Mazoea hayo ni mazuri, ila tangu mwaka 1993 wastani huo wa Linux hujumlisha pia kazi zilizokwama zikisubiri diski. Katika chuo kimoja cha hapa mjini, wiki ya usajili wa wanafunzi, nilikuta mzigo wa 14 kwenye seva yenye kore 8 huku prosesa ikitumika kwa asilimia 35 tu, na tayari ilikuwa imependekezwa kununua mashine yenye prosesa kubwa zaidi. Safu iitwayo “wa” katika amri ya vmstat ilionyesha kwamba kazi zilikuwa zikiisubiri diski: nakala ya akiba ya hifadhidata ilikuwa imepangwa saa nne asubuhi, wakati wanafunzi wote wamo kwenye mfumo. Ilihamishiwa saa nane usiku, na fedha za chuo zikabaki salama. Katika mifumo yenye Linux 4.20 ya Desemba 2018 au ya baadaye, faili za /proc/pressure, pale zilipowashwa, hutenganisha msongamano wa prosesa, wa memori na wa diski, na ninawasihi wasimamizi wazizoee.

Wastani nao huficha mengi. Mchoro unaokusanya dakika tano kwa pamoja, ambamo prosesa ilikuwa asilimia 100 kwa nusu dakika na asilimia 30 kwa muda uliobaki, utaandika asilimia 37, na malalamiko ya watumiaji yataonekana kama uzushi. Vivyo hivyo, programu inayotumia kore moja tu kati ya 8 inaweza kuimaliza kabisa huku jumla ikisoma asilimia 12 na ushee. Ukibonyeza 1 ndani ya amri ya top utaziona kore mojamoja.

Wanaokodi seva pepe, yaani sehemu ya mashine kubwa ya mtoa huduma, waitazame safu iitwayo “st” katika top au vmstat, inayoonyesha muda ambao prosesa ilihitajika lakini mashine mama ikawahudumia wateja wengine. Ikiwa inapanda kila siku saa zilezile, kurekebisha programu yako hakutaondoa tatizo hilo. Zungumza na mtoa huduma. Kwa wenye seva zao wenyewe, baridi yetu ya Juni na Julai isiwape imani kupita kiasi, kwani vumbi la kiangazi huziba feni, na prosesa ikipata joto hupunguza kasi yake, hivyo kazi ileile huchukua asilimia kubwa zaidi.

Kwa seva inayowahudumia watu moja kwa moja, mimi hupendelea saa yenye shughuli nyingi isipite asilimia 60 au 70, ili ibaki nafasi ya siku ya matokeo au ya mwisho wa mwezi. Kwa kazi za usiku, kama kukokotoa riba za wanachama, asilimia 100 ni dalili njema kwamba mashine iliyolipiwa inatumika, mradi kazi imalizike kabla ofisi hazijafunguliwa. Na pale inapolazimika kuendelea hadi asubuhi, huishusha daraja kwa amri ya renice ili maombi ya wateja yatangulie.