Jinsi Nilivyoinusuru Ngozi Yangu na Plasta za Dialisisi

Mtu anayesafishwa damu kwa mashine, yaani anayefanyiwa dialisisi, kwa kawaida hukaa kitini kwa takriban saa 4, mara 3 kwa wiki, na kila mara huingizwa sindano 2 nene kwenye fistula ya mkononi (mishipa miwili ya damu iliyounganishwa kwa upasuaji): moja huitoa damu na kuipeleka kwenye mashine, nyingine huirudisha mwilini. Sindano hizo hushikiliwa na plasta. Zinapotolewa, plasta nyingine hubandikwa kushikilia shashi juu ya matundu. Kwa hiyo eneo lile lile la ngozi, ambalo ukubwa wake hauzidi kiganja, hubandikwa na kubanduliwa wiki baada ya wiki bila kupewa nafasi ya kutosha ya kupona. Wenzangu wengi hawaoni shida yoyote. Mimi ngozi yangu ni nyepesi, na ulifika wakati ambapo kubanduliwa plasta kuliniuma kuliko kuchomwa sindano.

Ilinisaidia kuelewa kwamba ugonjwa wenyewe una mchango wake. Figo zikishindwa kazi, ngozi hukauka kwa sababu tezi za jasho na za mafuta hufanya kazi kidogo kuliko zamani, na wengi wetu huwashwa mwili hata pasipo na plasta. Aidha, wakati wa dialisisi wagonjwa wengi hupewa heparini ili damu isigande ndani ya mirija, kwa hiyo mvuto mdogo tu wa ngozi huweza kuacha alama ya kuvilia damu. Ngozi ya namna hii haihimili plasta kama ngozi ya mtu mwenye afya, hata plasta ikiwa ni ile ile na mbanduaji akiwa ni yule yule.

Kwangu, mambo yalianza kwa wekundu uliochora umbo kamili la plasta, wenye kingo zilizonyooka. Baadaye kukatokea malengelenge madogo kwenye ncha, mahali plasta ilipoishia. Kisha siku moja plasta ilitoka na tabaka la juu la ngozi, jembamba kama utando wa kitunguu, ikaacha mahali pabichi panapochonyota kila spiriti ilipopita. Mahali hapo palikuwa karibu sana na sehemu ya kuchomea sindano, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu ngozi iliyofunguka ni mlango wa vijidudu, na vijidudu vikiingia kwenye fistula vinaweza kuenea kwenye damu.

Nilipomweleza muuguzi, jambo la kwanza aliloniambia lilikuwa onyo. "Mama, nitakubadilishia plasta, lakini sitakupunguzia," alisema. Nilimwelewa vizuri aliponifafanulia. Mashine mara nyingi husukuma damu kwa kasi ya mililita 300 hadi 400 kwa dakika, na kwa kasi hiyo lita moja hupita katika muda wa dakika 3 hivi. Sindano inayorudisha damu ikichomoka, mashine inaweza kuendelea kusukuma damu nje ya mwili, na kengele yake haiwezi kutegemewa kulia kwa wakati kila mara. Ndiyo maana mkono wenye fistula hautakiwi kufunikwa kwa shuka wakati wa matibabu: wauguzi lazima waone sindano muda wote. Tangu siku hiyo, kila nilichojaribu kwa ajili ya ngozi yangu nilikipima kwanza kwa swali hili: je, sindano itakaa imara? Namsihi kila mwenye tatizo kama langu asilegeze plasta mwenyewe wakati mashine inafanya kazi, hata kama mwasho umezidi. Amwite muuguzi.

Hatua iliyofuata ilikuwa kutambua plasta ilikuwa inanidhuru kwa njia gani, maana madhara hayo hayafanani na kila moja lina tiba yake. Kuna kuchunika, ambako gundi huondoka na seli za juu za ngozi. Kuna malengelenge ya mvuto, yanayotokea plasta inapobandikwa ikiwa imevutwa, kisha inajikunja kurudi kwenye urefu wake na kuikokota ngozi. Kuna ngozi kukereka kwa sababu ya kitu kilichonaswa chini ya plasta, na hapo wekundu hubaki ndani ya mipaka ya plasta na hupungua upesi baada ya kuitoa. Kisha kuna mzio wa kweli, ambao huwasha sana, huvuka mipaka ya plasta, huweza kujitokeza siku moja au mbili baadaye, na huwa mbaya zaidi kila unapokutana tena na gundi ile. Daktari aliutazama mkono wangu, akaniuliza kama mwasho ulikuwa unasambaa, na kwa kuwa haukuwa ukisambaa, akasema dalili zilielekea kwenye kuchunika na kukereka kuliko mzio. Hata hivyo alitaka tuhakikishe. Kwa maelekezo yake, vipande vidogo vya aina mbalimbali za plasta vilibandikwa kwenye mkono mwingine, mbali na mahali popote pa kuchomwa, vikaachwa hapo kwa siku 2, na ngozi ikatazamwa siku ya kuvitoa na tena siku iliyofuata. Ningependa kila kituo kifanye jaribio hili kwa mgonjwa anayelalamika, kwani linaondoa kubahatisha.

Hapo ndipo nilipojua kwamba plasta si kitu kimoja. Ile nyeupe ya kitambaa yenye oksidi ya zinki hushika kwa nguvu, lakini gundi yake mara nyingi hutokana na mpira na utomvu wa msonobari, vitu ambavyo baadhi ya watu wana mzio navyo. Ya karatasi ni nyepesi na hutoka kwa urahisi, ila hulegea ikilowa jasho. Ya plastiki nyembamba yenye vitundu hushika vizuri na huruhusu ngozi kupumua kidogo. Ya silikoni ndiyo ya upole kuliko zote, kwa sababu haing'ang'anii seli za juu za ngozi, lakini kwa nguvu ya kushika haifikii nyingine. Tulikubaliana kwamba sindano zangu zishikiliwe na ile ya plastiki, ambayo haikuacha alama kwenye jaribio, na ya silikoni itumike baada ya matibabu, kushikilia shashi. Mgawanyo huo ulinipa nafuu kubwa, kwa kuwa hiyo plasta ya mwisho ndiyo ninayorudi nayo nyumbani na kukaa nayo kwa saa kadhaa.

Kukereka nako kulikuwa na chanzo ambacho sikukitarajia. Dawa ya kusafishia ngozi, iwe spiriti au klorheksidini, inatakiwa ikauke yenyewe kabla ya kitu chochote kubandikwa juu yake. Ikifunikwa ingali mbichi, hunaswa kati ya ngozi na gundi na kuiunguza ngozi polepole kwa muda wote wa matibabu, na plasta yenyewe haishiki vizuri. Sasa muuguzi akishapangusa, tunasubiri, bila kupepea kwa mkono wala kupuliza kwa mdomo, kwa kuwa kupuliza kunarudisha vijidudu mahali palipokwisha kusafishwa. Ngozi ikishakauka, hunipaka kimiminika cha kukinga ngozi, kile kisicho na spiriti, pale tu plasta itakapokaa, akiacha mahali pa kuchomea. Kimiminika hicho hugeuka utando mwembamba ndani ya nusu dakika hivi, na baadaye plasta inapobanduliwa, ni utando huo unaovutwa badala ya ngozi. Kati ya yote niliyojaribu, kama ningeambiwa nibaki na mawili tu, ningechagua utando huu na ubanduaji wa taratibu.

Katika kubandika, muuguzi wangu hukata vipande mapema ili asilazimike kuvivuta kutoka kwenye roli vikiwa tayari vimegusa ngozi. Kipande chembamba hupita chini ya sindano, gundi ikitazama juu, kisha ncha zake hukunjwa na kupishana juu ya mabawa ya sindano, mtindo wanaouita wa kipepeo. Vingine hulazwa juu bila kuvutwa, kuanzia katikati kuelekea pembeni, na kukandamizwa kwa kidole, kwa sababu gundi hizi hushika kwa mgandamizo. Mrija huachiwa kitanzi kilicholegea na kubandikwa peke yake, ili mkono ukisogea, mvuto usiifikie sindano. Plasta haizungushwi mkono mzima, kwani inaweza kuibana fistula na kuzuia damu kupita.

Kubandua ndiko kulikohitaji uvumilivu wa watu wote. Mwisho wa matibabu ni wakati wa haraka: mgonjwa mwingine anasubiri kiti, mashine inatakiwa kusafishwa, na mkono wa muuguzi una mazoea ya kuvuta mara moja kwenda juu. Nilimwomba kwa heshima, "Sista, naomba twende polepole hapa," naye hakukasirika hata kidogo. Plasta hukunjwa nyuma juu yake yenyewe, ikawa inalala sambamba na ngozi badala ya kusimama wima, na huvutwa kidogo kidogo kufuata uelekeo wa vinyweleo. Mimi, baada ya kuosha mkono wangu ulio huru na kuvaa glovu, huilaza ngozi kwa kidole mahali pale pale plasta inapoachia, na kidole kinaifuata plasta kila inaporudi nyuma. Ikigoma, tunaweka tone la dawa ya kuondolea gundi yenye silikoni kwenye ukingo, mbali na tundu la sindano. Sindano yenyewe hushikiliwa na muuguzi muda wote huo. Kwa kweli tofauti ya muda ni ndogo mno, na tofauti kwenye ngozi ilionekana mapema.

Nyumbani naondoa plasta ya shashi baada ya saa nilizoelekezwa na kituo. Siiachi hadi kesho yake, kwa kuwa gundi nyingi huzidi kushika kadiri zinavyokaa. Nalowesha kingo kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, na sehemu iliyo juu ya matundu naiacha mwisho, kidole kikiwa tayari kugandamiza endapo damu itatoka. Mafuta yasiyo na manukato napaka siku zisizo za dialisisi, matundu yakiwa yamekwisha kufunga. Asubuhi ya dialisisi sipaki chochote, kwa sababu plasta haishiki kwenye mafuta. Naosha mkono kwa sabuni na maji, basi. Nywele za mkononi hazinyolewi kwa wembe, kwa kuwa wembe huacha mikwaruzo isiyoonekana; zikizidi hupunguzwa kwa mkasi.

Wanaosafishwa damu kupitia mrija wa kifuani au shingoni wana mazingira tofauti, maana bandeji yao inaweza kukaa siku kadhaa na hawatakiwi kuifungua wenyewe. Hao nawashauri wamwonyeshe muuguzi wekundu au mwasho ukiwa bado mdogo, kwani hata kwao aina ya bandeji inaweza kubadilishwa.

Ngozi yangu imefunga, ingawa wakati wa joto kali wekundu hurudi kidogo na huwa naomba sehemu ya kubandika isogezwe kadiri sindano inavyoruhusu. Jambo ambalo silitibu mwenyewe hata kidogo ni usaha, uvimbe, ngozi kupata joto na maumivu karibu na fistula, au homa na kutetemeka. Hayo yanapelekwa kituoni siku hiyo hiyo bila kungoja zamu. Na kwa kuwa wauguzi hubadilishana zamu, kwenye ukurasa wa mbele wa faili langu pameandikwa aina ya plasta inayonifaa, ile nisiyotakiwa kubandikwa, na neno "polepole" limepigiwa mstari.