Nilivyozituliza breki za hachibeki yangu kwenye traki bila kununua kalipa kubwa

Kalipa nilizonazo, yaani zile koleo zinazobana pedi za breki kwenye diski ya gurudumu, ni zilezile gari lilitoka nazo kiwandani. Pistoni moja kwa kila kalipa, zile za kuteleza kwenye pini, diski za mbele milimita 280 na za nyuma ndogo zaidi. Naanza na hili kwa sababu karibu kila niliyemuuliza aliniambia hachibeki ya kawaida, gari dogo lenye mlango wa nyuma wa kuinua, haikai traki, yaani uwanja wa mbio, dakika 20 bila kung'oa mfumo mzima wa breki na kuweka mkubwa, na mimi nikaamini, nikabakiza kidogo tu nitoe hela ambayo ingenunua nusu ya gari lenyewe. Leo natoka uwanjani jioni pedi bado zipo, pedeli iko juu palepale ilipokuwa asubuhi, na narudi nyumbani na gari hilohilo. Kwa kweli najivunia.

Gari lina milango mitano, linavuta mbele, mimi ndani na tenki nusu ni kama kilo 1,250. Siku ya kwanza ushauri niliopewa ulikuwa "gari jepesi halili breki, wewe vaa pedi mpya nenda". Nikavaa pedi mpya za barabarani, jana yake usiku. Oili ya breki sikuigusa, ilikuwa na miaka minne na ushee mle ndani.

Raundi tatu za kwanza raha tupu. Ya nne ikaanza harufu, kali, kama nyaya za umeme zinaungua, nikadhani ni gari la mbele yangu. Ya tano pedeli ikawa ngumu kama jiwe, nakanyaga kwa nguvu zote na gari linapunguza mwendo kwa kusitasita, kona niliyokuwa naingia vizuri nikaingia nimepanuka hadi ukingoni. Hapo ningetoka. Sikutoka, nikasema raundi moja tu ya mwisho. Mwisho wa nyoosho ndefu niko kwenye kilomita 160 kwa saa, nakanyaga, pedeli inashuka nusu na chini ni laini kabisa kama nimekanyaga sponji. Nikaachia nikakanyaga tena, ikashuka zaidi. Ya tatu ikagonga sakafu. Nikaanza kupampu haraka haraka huku nashusha gia, ya nne, ya tatu, ya pili, injini inalia, na gari likaenda kusimama kwenye kokoto, ringi za mbele zote mbili zinatoa moshi. Hakuna kilichoguswa, lakini mikono ilinitetemeka robo saa nzima. Na yule aliyenishauri akaniambia nimeendesha vibaya! Hilo ndilo lililoniuma kuliko kokoto.

Kumbe siku ile yalinipata magonjwa mawili kwa mpigo na hakuna aliyewahi kunitenganishia. Pedeli ikiwa ngumu halafu gari halisimami, hiyo ni pedi, imevuka joto lake haishiki tena. Pedeli ikiwa laini na inazama, hiyo ni oili imechemka, kuna mvuke kwenye mabomba, na mvuke unabanwa wakati oili haibanwi, kwa hiyo mguu wako unakandamiza hewa tu. Dawa zake ni tofauti kabisa. Ukimsikia mtu anasema "breki zimefeli" muulize kwanza pedeli ilikuwaje, asipojua usichukue ushauri wake.

Nikakaa na kalamu. Kilo 1,250 kutoka 160 kwenda 80 ni karibu kilojuli 900 na kitu, yaani joto la kutosha kuchemsha maji lita mbili na nusu yaliyokuwa ya baridi, na unalimwaga lote ndani ya sekunde tatu nne, sehemu kubwa kwenye diski mbili tu za mbele kwa sababu gari likiinama uzito mwingi unakwenda huko. Halafu unarudia kila kona kubwa. Na tazama, kutoka 160 hadi 80 umetoa robo tatu ya nguvu yote iliyokuwepo, maana mwendo ukiongezeka mara mbili nishati inaongezeka mara nne. Baada ya hesabu hiyo nikaacha kuwaza ukubwa wa kalipa nikaanza kuwaza joto linakwenda wapi.

Oili ndiyo nilianza nayo maana ni rahisi kuliko vyote. Oili ya breki inavuta unyevu hata ikiwa imefungwa vizuri, na maji yanashusha kiwango cha kuchemka. DOT 4, daraja mojawapo la oili ya breki, ikiwa mpya isichemke chini ya digrii 230, ikishashika unyevu kiwango kinashuka hadi 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Zile za mashindano zinavuka 300 zikiwa mpya ila zinachakaa upesi, ukiweka ujue utabadilisha mara kwa mara. Msichanganye DOT 5 na 5.1, DOT 5 ni ya silikoni, haichanganyiki na hizi nyingine hata kidogo. Nilipoitoa ya kwangu ilikuwa nyeusi na chini ya chupa kuna mashapo.

Kutoa upepo kwenye mabomba ya oili mnajua, gurudumu kwa gurudumu, mmoja anakanyaga mwingine anafungua nati. Kitu ambacho hawakwambii ni hiki: kama gari ni la zamani usimwache anayekanyaga ashushe pedeli hadi sakafuni. Pistoni ya silinda kuu, ile inayosukuma oili ukikanyaga pedeli, inaenda sehemu ambayo haijafika miaka yote, kule kuna kutu na uchafu, mipira inachanika, kesho yake una silinda mbovu. Mimi naweka kipande cha ubao chini ya pedeli. Kimekatwa kwa kipimo, kinakaa kwenye buti kabisa, na nakipenda kuliko spana zangu zote.

Pedi nikachukua za traki zenye uwezo wa digrii 600 na zaidi, mbele tu, nyuma nikaacha za barabarani. Zinapiga kelele, vumbi lake linang'ang'ania ringi, na asubuhi zikiwa baridi haziumi vizuri kwa hiyo barabarani acha nafasi ya kutosha. Safari hii nikazizoesha kwanza: kutoka 100 hadi 20 mara nane au kumi mfululizo, bila kusimama kabisa, halafu unaendesha polepole bila kugusa breki hadi zipoe. Pedi mpya ina gundi inayotoa gesi ikipata joto mara ya kwanza, na kama mara hiyo ya kwanza ni traki, gesi inakaa kati ya pedi na diski unakanyaga pedeli ngumu. Nadhani ndicho kilichonikuta raundi ya tano.

Hapo katikati nikapigwa na ushauri mwingine, diski za matobo. "Zinapoa haraka." Zinapendeza kweli, nilizitazama jioni nzima. Siku mbili za traki, naosha ringi, naona vimistari kama nywele vinatoka kwenye matobo. Pitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mstari, kama unakwama ni ufa wa kweli, na wangu ulikwama, mmoja ulikuwa umeshatoka tobo hadi tobo. Tobo ni mahali chuma kimekatwa, kikipanuka na kunywea kila kona kinaanza kupasukia hapohapo, na isitoshe umepunguza chuma cha kubeba joto. Nikarudi kwenye diski za kawaida, nzima, zenye nafasi ya hewa katikati. Ni za bei ya chini na hadi leo sijaona sababu ya kuziacha. Soma tu unene wa mwisho uliogongwa pembeni ya diski.

Sasa nije kwenye kile ambacho nadhani ndicho kilichoniokoa, na hakuna aliyenishauri, nimekitafuta mwenyewe.

Pamoja na oili mpya na pedi nzuri, pedi ya kulia mbele ilikuwa inaisha kuliko ya kushoto. Zote zilianza milimita 11, siku mbili baadaye kushoto 7, kulia 4. Fundi wa kwanza akasema kalipa imekwama. Nikafungua, nikachomoa pini, nikasafisha, nikapaka grisi ya joto, pistoni inarudi kwa kidole, mpira wa vumbi mzima. Haijakwama. Wa pili akasema ndivyo hachibeki zilivyo. Hilo silikubali, chuma hakina tabia bila sababu.

Nikanunua ile bunduki ya kupimia joto kwa miale, kifaa kidogo cha kawaida, nikaanza kupima kila nikiingia piti, pale pembeni ya traki magari yanaposimama, ndani ya dakika ya kwanza, sehemu ileile ya diski. Kushoto 310. Kulia 420. Kila mara, tofauti ya mia na kitu. Nikaandika kwenye daftari. Nikahamisha pedi kulia kushoto, tofauti ikabaki kulia. Kwa hiyo pedi haihusiki, kalipa haihusiki.

Nikampa mwenzangu akae kiti cha abiria, nikamwambia asiangalie barabara aangalie dashibodi tu. Raundi ya pili akaniambia, "kaka, hii taa ya njano inawakawaka kila ukitoka kona." Taa ya utelezi! Uwanja ule unazunguka kulia, kona nyingi ni za kulia, tairi la kulia mbele ndilo la ndani, ndilo lililopunguziwa uzito. Nikitoka kona nakanyaga mafuta, lile tairi linataka kuzunguka bure, na kompyuta inafanya nini? Inalibana kwa breki. Mimi mguu uko kwenye mafuta na breki ya kulia inafanya kazi! Nilikuwa naipika kwenye kona, nikifika nyoosho badala ya kupoa inaanza safari ikiwa tayari ya moto.

Nikabonyeza kitufe cha kuzima, taa ikawaka kuonyesha imezimwa, nikapima, bado 390. Hapa wengi wangekata tamaa. Kwenye gari langu kubonyeza mara moja kunazima nusu tu, inabidi ukishikilie sekunde kadhaa ukiwa umesimama ndipo izime zaidi. Nikashikilia. Raundi nne, nikaingia, kushoto 300, kulia 315. Nilipiga kelele piti nzima ikageuka. Lakini msikimbilie kuzima kama bado mnajifunza, ule mfumo unaokoa watu, na bila huo mguu wa mafuta lazima uwe na adabu, ukikanyaga mapema tairi la ndani linavuta moshi na gari linasukuma nje. Wiki ya kwanza nilikuwa mwepesi wa mguu kupita kiasi, muda wangu wa raundi ukaongezeka, baadaye ukarudi na kushuka chini ya ule wa zamani.

Uendeshaji nao. Kuna huu ushauri wa kuzionea huruma breki, eti anza mapema kanyaga taratibu. Kwa traki ni kinyume. Mwendo unaopunguza ni uleule, joto ni karibu lilelile, ila umelitandaza mita nyingi na diski imepoteza muda wa kupulizwa na upepo. Kanyaga kwa uhakika, kwa muda mfupi, achia taratibu unapoingia kona, basi. Mimi nafanya raundi moja ya kupasha, nne za kasi, moja ya kupoza ambayo breki sizigusi kabisa, natumia gia. Ukiingia piti usivute hendibreki, weka gia na kigingi kwenye tairi, na baada ya dakika mbili sukuma gari robo mzunguko ili pedi isikae mahali pamoja kwenye diski ya moto. Ile mitetemo ya usukani watu wanasema diski imepinda mara nyingi ni alama ya pedi iliyogandia hapo.

Mwisho nikaweka mabomba ya kupeleka hewa, milimita 63, kutoka kwenye tundu la taa ya ukungu. Mara ya kwanza nikayaelekeza usoni mwa diski, sikuona tofauti ya maana. Diski yenye nafasi ya hewa inanyonya katikati na kutupa nje kama feni, kwa hiyo mdomo wa bomba uelekee kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu. Joto likashuka digrii 40 hivi pande zote. Kata usukani hadi mwisho pande zote mbili kabla hujafunga kabisa, la kwanza lilisuguliwa na tairi likatoboka siku hiyohiyo.

Pedi nabadilisha zikifika nusu. Ikiwa nyembamba joto linapita haraka kwenda kwenye pistoni na oili, kwa hiyo zile milimita za mwisho unazookoa unazilipia kwa oili.

Daftari la mara ya mwisho linasoma hivi: dakika 20 mara tano, kushoto 11 hadi 9.5, kulia 11 hadi 9.2. Zile 0.3 zilizobaki nadhani ni kona yenyewe. Sasa hivi gari liko kwenye stendi, nimetoa ringi za nyuma kwa sababu pedi za nyuma nimezisahau mwaka mzima na moja imeanza kuisha kimshazari. Pini, nahisi.