Mwiba haukung'oka: tafakari juu ya ushindi 47 wa Bernhard Langer

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la juma hili ni 2 Wakorintho 12:7-10. Mwenye nafasi asome pia habari za Kalebu, Yoshua 14:10-12.

Tarehe 2 Julai 2023, katika uwanja wa SentryWorld jimboni Wisconsin, Marekani, Mjerumani Bernhard Langer alitwaa ubingwa wa US Senior Open akiwa na miaka 65. Lilikuwa taji lake la 46 katika PGA Tour Champions, mashindano ya gofu ya wakongwe, na kwa taji hilo alimpita Hale Irwin aliyekuwa na 45. Lishikeni jina la Irwin, tutalirudia.

Wakongwe hapa ni wachezaji wa miaka 50 na kuendelea. Mashindano yao ya kawaida ni siku tatu, mashimo 54, na anayetaka anaruhusiwa kupanda kigari. Yale makubwa matano, US Senior Open likiwamo, ni siku nne, mashimo 72, kwa miguu. Wengi huvuna vizuri mwaka wa kwanza na wa pili baada ya kutimiza 50, kisha vijana wa miaka 50 wapya huingia na kuwafunika. Langer alishinda mara ya kwanza Oktoba 2007, kule Texas, na tangu hapo hakuna mwaka aliotoka mikono mitupu, hadi 2024 wenyewe. Hayo makubwa matano ameyatwaa yote, jumla mara 12.

Ni muumini anayejulikana. Alilelewa katika Ukatoliki huko Bavaria, akatwaa Masters ya Augusta, mojawapo ya mashindano makubwa kabisa ya gofu, Aprili 1985, na juma lililofuata, kule Hilton Head, mchezaji mwenzake Bobby Clampett akamwalika kwenye kipindi cha Biblia cha wachezaji. Waliketi na Yohana 3, Nikodemo na kuzaliwa mara ya pili. Langer husema hapo ndipo imani yake ilipoanza kuwa yake mwenyewe. Juma hilohilo alishinda pia shindano la Hilton Head.

Wahubiri wengine wangeishia hapa: aliokoka, akashinda. Mimi naona hapo ndipo habari inapoharibika, maana inaruka jambo lililomtesa mtu huyu kabla ya kuokoka na likaendelea kumtesa baada ya hapo.

Katika gofu mkwaju wa mita 250 huhesabiwa mmoja, na kuusukuma mpira mita moja shimoni nako huhesabiwa mmoja. Kwa hiyo mtu anaweza kupiga vizuri kutwa nzima akamwaga yote kwenye griini, ile nyasi fupi yenye shimo. Langer alipatwa na ugonjwa ambao wachezaji huuita yipsi: mkono unaoshika fimbo hushtuka wenyewe sekunde ile fimbo inapokutana na mpira. Misuli midogo ya kiganja na kifundo hukurupuka bila kuagizwa, uso wa fimbo hupinda kidogo tu, na mpira wa mita moja hukipita kinywa cha shimo. Mipira mifupi ndiyo hatari zaidi, kwa sababu mchezaji anajua haina udhuru, na kadiri anavyouchunga mkono ndivyo unavyozidi kukurupuka. Wengi uliwakuta wakaacha gofu. Kwake ulianza akiwa kijana, na kwa hesabu yake mwenyewe umemrudia mara nne.

Sasa angalieni alivyofanya. Mwaka 1985 pale Augusta, mipira mirefu aliisukuma kwa mshiko wa kawaida, lakini mifupi aliugeuza mshiko: mkono wa kushoto chini, wa kulia juu, ili kifundo cha kushoto kikae kigumu. Yipsi ikarudi. Akabuni mshiko ulioonekana kama kichekesho: mkono wa kushoto ukashuka chini kwenye mti wa fimbo, mpini wa fimbo ukalala juu ya mkono ule karibu na kiwiko, na mkono wa kulia ukavibana vyote viwili pamoja, fimbo na mkono, kama mtu anayemfunga gango aliyevunjika. Kifundo hakikuwa na pa kukurupukia. Kwa mshiko huo alitwaa Masters ya pili, Aprili 11, 1993, Jumapili ya Pasaka.

Kwa mshiko huohuo pia alikosa mbele ya dunia nzima. Septemba 1991, Ryder Cup, Kiawah Island: timu za Ulaya na Marekani zimebakiza pambano moja, Langer dhidi ya Hale Irwin, shimo la mwisho, mpira futi 6 kutoka shimoni. Ukiingia, Ulaya inabaki na kombe. Kwenye njia ya mpira palikuwa na alama za misumari ya viatu, na sheria za wakati ule (zimebadilika tangu 2019) zilikataza kuzisawazisha. Yeye na kedi wake, yaani mbeba fimbo, wakaamua asizipitishie juu, apige moja kwa moja. Mpira ukapita kulia. Marekani 14½, Ulaya 13½. Imani yake ilikuwa na miaka sita siku ile. Baadaye alikumbusha kwamba mkamilifu ni mmoja tu aliyewahi kuishi, naye alisulubiwa. Yeye amekosa mpira tu. Jumapili iliyofuata, nyumbani Ujerumani, alihitaji mpira wa futi 15 shimo la mwisho ili apate mchezo wa nyongeza. Ukaingia, akashinda.

Yipsi ilipomrudia tena katikati ya miaka ya 1990, alihamia fimbo ndefu. Ya kawaida ni kama inchi 33 hadi 35. Hii inakaribia inchi 50, inafika kifuani. Mkono wa kushoto hushika juu na kubaki mahali pamoja kama bawaba, wa kulia husukuma kutoka chini, na fimbo hubembea kama timazi. Ushindi wake 25 wa kwanza kwa wakongwe ulipatikana hivyo, ncha ya juu ikiegemea kifua. Kisha tangu Januari 1, 2016 sheria ikakataza kuegemeza fimbo mwilini. Wengi walisema amekwisha.

Hakuiacha fimbo. Aliusogeza mkono wa juu mbele ya kifua kidogo, fimbo ikaning'inia bila kugusa. Hapo kosa ni jepesi kutokea: ukikusudia kubana mwilini sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kiganja, mkono wenyewe unakuwa nguzo, na adhabu ni mikwaju miwili. Nguo kuguswa si kosa. Kamera zilimfuata sana, hasa 2017, na wasimamizi wa sheria wakasema hana hatia. Mwaka huo alishinda mara saba. Kati ya mataji yake 47, 22 yamekuja baada ya katazo.

Paulo anaandika juu ya mwiba aliokuwa nao mwilini: "Kwa ajili ya kitu hicho nalimsihi Bwana mara tatu kwamba kinitoke." Hakikutoka. Jibu likawa, "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Wengi wetu husoma neema hapa kama dawa ya kutuliza maumivu, mtu avumilie akiwa amekaa. Lakini Paulo hakukaa. Aliendelea na safari, mwiba ukiwa mwilini. Kuomba mara tatu na kujipangia namna ya kuishi na jambo ambalo halijaondoka havipingani. Anayejua hasira humpanda jioni akiwa na njaa asiombe tu upole. Mazungumzo mazito ya nyumbani ayaweke baada ya kula. Mlevi aliyeacha pombe anabadili njia ya kurudi nyumbani. Huo si upungufu wa imani. Ni mshiko.

Na mshiko uliofaa jana huenda usifae kesho. Februari 1, 2024 Langer alikatika kano ya kisigino akicheza pickleball, mchezo unaofanana na tenisi, akapasuliwa. Mei alikuwa amerudi mashindanoni, kwa kigari. Novemba, Phoenix, akiwa na miaka 67, shimo la mwisho la shindano la mwisho wa msimu, alisukuma mpira wa kama futi 30 kwa fimbo ileile ndefu. Ukaingia, akashinda kwa mkwaju mmoja. Hilo ndilo la 47.

Aprili 2025 alicheza Masters yake ya mwisho, mwaka wa 40 tangu atwae ile ya kwanza. Alikosa kufuzu raundi za wikiendi kwa mkwaju mmoja.