Nyumba ya Kumi na Nne

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimesali huku nikihesabu vitanda. Tumemzika wifi yangu, mjane wa kaka yangu aliyetangulia, na siku ya kuanua matanga ukoo ukakaa kikao. Madeni ya msiba yakajadiliwa kwanza, kisha watoto. Baba mdogo akapendekeza mkubwa aende kwa mjomba wake mpaka Desemba, mdogo akae kwangu, "halafu mwakani tutaangalia." Yule mkubwa alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai, ameikumbatia kwa mikono miwili, hajui aingie au arudi jikoni. Amesikia kila kitu.

Usingizi umenipaa tangu hapo. Nyumba yangu ni ndogo, ada za wangu mwenyewe zinanitoa jasho, na moyo ulikuwa unanong'ona kwamba kwa mjomba kuna nafasi. Katika kukesha huko nikasoma habari za Barry Keoghan, mwigizaji wa filamu wa Ireland, na Bwana akanishika hapo hapo.

Kijana huyu alizaliwa Dublin mwaka 1992, akakulia Summerhill, mtaa wa katikati ya jiji ambako unga umebomoa familia nyingi. Mama yake alinaswa na heroini. Barry na ndugu yake wakachukuliwa, wakawekwa kwa walezi wa kupangiwa na serikali, na kwa miaka 7 wakapitia nyumba 13. Hesabu kwa vidole vya mikono, vidole vitakwisha nyumba bado zipo. Mama akafariki Barry akiwa na miaka 12. Waliomlea baada ya hapo ni bibi yake na wanawake wa nyumba ile.

Mengine ndiyo dunia inayapenda zaidi, nami nitayapita haraka. Shuleni alizuiwa kuigiza kwa sababu ya utundu. Ukumbi wa sinema ulimpiga marufuku kwa kujipenyeza bila tiketi. Siku moja akaona tangazo kwenye dirisha la duka, watu wanatafutwa wa kuigiza filamu ya bajeti ndogo, akachukua namba akapiga. Filamu hiyo, Between the Canals, ilitoka mwaka 2011. Mwaka 2013 Ireland nzima ilimwona kwenye tamthilia ya Love/Hate, na 2017 alikuwa ndani ya filamu ya Dunkirk. Kisha ikaja The Banshees of Inisherin, akiigiza kijana anayepigwa na baba yake, tena baba huyo ni polisi. Kwa kazi hiyo alipewa BAFTA, tuzo kubwa ya filamu ya Uingereza, Februari 2023 na kuteuliwa kuwania Oscar. Akiwa jukwaani London aliwakumbuka watoto wa mtaa alikotoka, wale wenye ndoto. (Siwaambii mkatazame kila filamu yake. Saltburn, kwa mfano, haifai kuwekwa sebuleni mbele ya watoto.)

Mimi nimebaki kwa yule bibi. Nyumba 13 zilikwishapita, na kila nyumba ina sheria zake. Hapa viatu vinavuliwa nje, pale friji halifunguliwi bila ruhusa, kule ukichelewa kula umekosa. Mtoto anajifunza, anazoea, halafu anaambiwa apange nguo. Kisha ikaja ya kumi na nne, akakaa. Bibi huyo alikuwa amempoteza binti yake mwenyewe. Angeweza kusema amechoka, na nani angemlaumu? Lakini aliwafungulia mlango.

Esta tunamhubiri kwa taji lake, na akina mama tunapenda sana ule mstari wa "wakati kama huo." Rudini nyuma kidogo, sura ya 2 mstari wa 7. Hakuwa na baba wala mama, na Mordekai akamtwaa kuwa binti yake. Miaka ya malezi yale haikuandikwa hata sura moja: nani alimpikia, nani alikaa naye usiku alipomlilia mama yake. Mungu aliiona. "Baba wa yatima," inasema Zaburi ya 68, halafu mstari unaofuata unasema huwakalisha wapweke nyumbani. Huwakalisha, wapendwa. Hawazungushi.

Hapa nitasema wazi hata kama wengine watanuna. Sisi waumini tunawazungusha yatima. Muhula huu kwa shangazi, muhula ujao kwa mama mkubwa, Krismasi wanapelekwa kijijini wakiwa na mfuko wa rambo. Hao nao wanafika nyumba 13, bila serikali kuhusika. Na mtoto akishapokelewa, anageuka msichana wa kazi: wenzake wanavaa sare yeye anaosha vyombo, mgeni akiuliza anaambiwa "huyu ni wa marehemu." Na kama mzazi wake alikuwa teja au alikufa kwa pombe, kila kosa dogo linasomewa ukoo: damu ile ile. Yakobo 1:27 hatuijui? Tunaikariri kwenye mashindano ya Biblia! Dini iliyo safi ni kwenda kuwatazama yatima katika dhiki yao, na kuwatazama kule si kuwahesabu kikaoni kama viti vya kukodi.

Juzi nimempigia baba mdogo nikamwambia kwa heshima, shikamoo baba, watoto wote wawili wanakuja kwangu na hawatatenganishwa. Kitanda fundi anakitengeneza. Ada sijui itatoka wapi, naomba mniombee.

Na ninyi mlio na nafasi, angalieni jirani. Karibu kila jumuiya yetu ina bibi anayelea wajukuu peke yake. Anaamka saa kumi na moja alfajiri kuwaandalia uji, goti linauma, na kwenye kikao cha wazazi anakaa benchi la nyuma kwa sababu barua ya mwalimu hawezi kuisoma. Tusiishie kumwekea mikono na kumwombea. Nenda naye kwenye kikao hicho, umsomee. Mlipie mtoto mmoja sare na viatu. Jumamosi wachukue wajukuu wake waje wacheze na wako, bibi apate kulala.