Siku tulisaini petisyo ya maji

Ilikuwa 2013 hapa Goma, mashariki mwa Kongo, na waasi wa M23 walikuwa wameingia mjini Novemba 2012 kisha wakatoka, kwa hiyo watu bado walikuwa na woga, jina lako likiandikwa mahali unajiuliza nani ataisoma. Kwenye sale ya parokia kulikuwa mafunzo ya uraia, animatere, yule anayeongoza mafunzo, anasoma Katiba ya 2006 kwa Kifaransa na mimi naitia kwa Kiswahili. Wengine walikuja na bidoni tupu, maana robine ya kartier ilikuwa imekauka na watoto walikuwa wanashuka mpaka ziwani ndipo waende masomo.

Tukafika kifungu cha 27. Kila Mkongomani ana haki ya kupelekea mamlaka petisyo, ni kusema barua ya kuomba jambo, peke yake ao na wenzake, na mamlaka inajibu ndani ya miezi tatu. Mama mmoja muuza makala akasimama.

"Papa, nikiweka jina yangu na usiku bakuye kunikamata, iyo katiba itawakataza?"

Animatere akaniambia niendelee tu kusoma, sababu kifungu hakiishii pale: hakuna mtu anaweza kushitakiwa, kwa namna yoyote ile, juu ya kuleta petisyo.

"Soma tena, mwanangu."

Nikasoma tena. Mama akasema leteni wino, atie alama ku petisyo yetu ya maji. Kidole chake kilikuwa na vumbi ya makala, alama ikatoka doa jeusi tu, akakataa, akapangusa kidole kwa kikwembe na kukanyaga upya mpaka mistari yote ikaonekana. "Bajue ni miye." Nyuma yake sale nzima ikajipanga mstari.

Mafunzo mengi ya hapa kwetu yanakuja na uchaguzi, unafundishwa kukunja karatasi ya kura basi kwisha, na mimi nasema mtu anahitaji kujua zaidi cha kufanya ile miaka yote kabla ya kura ingine.

Tulipopeleka petisyo ku ofisi ya mamlaka, sekretere alitaka kuchukua barua bila kupiga muhuri kwenye kopi yetu. Mama akakaa ku benchi: "Tutangoja, papa. Miezi tatu inahesabiwa kuanzia leo, andika tarehe." Saa sita ikapita, muhuri ukapigwa.

Jibu lilikuja, mistari michache, na mafundi nyuma yake. Maji ikaanza kutoka mara mbili kwa wiki, usiku. Mama akamuuliza animatere kama petisyo ya pili inaruhusiwa, sababu mara mbili haitoshi.