Nilikuja huku najua kupika namba, kemia ya uchambuzi ikaniachisha

Wadau habari zenu. Wadogo zetu wengi wananiuliza kuhusu kusoma kemia ya uchambuzi huku nje, yaani ile ya kupima kitu gani kimo kwenye sampuli na ni kiasi gani, wanataka kujua hesabu ni ngumu kiasi gani na mashine ni zipi, hayo ntayagusa ila naomba nianze na kitu ambacho mimi hakuna aliyeniambia kabla sijapanda ndege.

Sekondari kwenye taitresheni, yaani kudondosha myeyusho mmoja toka kwenye neli yenye vipimo (bureti) mpaka umalizane na mwingine, tulikuwa tunajua jibu kabla hata hatujashika bureti. Ukisikia wenzio wamepata mililita 25.0 na wewe una 23.4 unafuta, unaandika 24.9, maisha yanaendelea, maksi zilikuwa kwenye kulikaribia jibu la mwalimu. Mi sikuwahi kuona kama ule ni uongo, kwangu ilikuwa ni kufaulu praktiko.

Huku siku ya kwanza labu nikapewa daftari lenye kurasa zenye namba, unaandika kwa wino tu, ukikosea unapiga mstari mmoja ili kilichokosewa kiendelee kusomeka halafu unaweka sahihi na tarehe. Kuchana ukurasa marufuku. Nilijisikia vibaya kwakweli, kama vile nishashukiwa mwizi kabla sijaiba.

Kazi yenyewe ya kwanza ilikuwa sodiamu haidroksaidi. Weka punje zake kwenye mizani ya desimali nne uangalie, uzito unapanda wenyewe mbele ya macho yako, maana inanyonya unyevu wa hewani na kaboni dayoksaidi pia, kwa hiyo hata ungekuwa makini vipi ule uzito hauwezi kukwambia umeyeyusha haidroksaidi kiasi gani. Ndo maana unaipima upya kwa potasiamu haidrojeni thaleti iliyokaushwa kwenye oveni, ile inatulia haivuti unyevu hovyo, gramu 0.5106 zinamalizana na mililita 25.00 za haidroksaidi ya moli 0.1 kwa lita. Nilikuwa nimefanya taitresheni miaka yote ile bila kujiuliza hata siku moja, hivi hii namba iliyoandikwa kwenye chupa nani kaithibitisha?

Sasa kilichonigeuza kabisa ni zinki. Semista ya pili tulikuwa tunapima zinki kwenye maji kwa AAS, ni mashine inayorusha sampuli kwenye muale wa moto halafu inapima mwanga uliofyonzwa na atomi, kwa zinki ni nanomita 213.9. Unatengeneza myeyusho kadhaa wa viwango unavyovijua, unachora mstari, sampuli yako unaisomea hapo. Na lazima uwe na blanki, yaani maji safi na asidi uliyotumia bila sampuli yoyote, vipitie njia ileile kila hatua. Blanki yangu ikasoma 0.31 mg kwa lita. Sampuli 0.52.

Nakumbuka nilivyokaa pale. Ripoti ilikuwa ya keshokutwa, na mkono ulishajua cha kufanya, andika blanki 0.02 songa mbele, nani atajua. Ila daftari lilikuwa wazi pembeni na 0.31 nishaiandika kwa wino. Nikaenda kumwambia msimamizi, naogopa, Kiingereza kinanikimbia. Hakugomba. Aliniuliza tu chupa nimezitikisaje. Nikamwonyesha, kidole gumba juu ya mdomo wa chupa, mkono una glavu za unga. Kumbe unga wa glavu nyingi una zinki, na mpira wenyewe pia, tena zinki iko kila mahali, vumbi, ngozi, vizibo. Nikaloweka vyombo vyote usiku kucha kwenye asidi ya naitriki ya asilimia 10, nikavaa glavu zisizo na unga, nikatumia vifuniko vya plastiki vilivyooshwa vilevile. Blanki ikashuka mpaka mashine haioni kitu, sampuli ikasoma 0.20.

Tafakari hapo. Zaidi ya nusu ya ile zinki ya mwanzo ilikuwa ya mkononi mwangu. Ningepika blanki ningeripoti 0.50 na ripoti ingependeza, na kama yale ni maji ya mtu anayesubiri majibu ningekuwa nimemdanganya kwa desimali mbili.

Kwa hiyo mdogo wangu unayejiandaa, mashine utazizoea, hata kromatografia inayotisha kwa jina, njia ya kutenganisha vitu vilivyochanganyika, ilianza na Mikhail Tsvet mwanzoni mwa miaka ya 1900 akipitisha rangi za majani kwenye neli yenye unga wa chokaa, zikajitenga kanda kanda. Ukielewa kwanini zilijitenga mashine ya kisasa haikusumbui sana. Shida ipo kwenye takwimu, watu wengi wanakuja bila takwimu kabisa. Hapa jibu lisilo na ± pembeni, yaani linaweza kupishana kwa kiasi gani, halisahihishwi, linarudishwa. Jifunze t-test mapema, hesabu ya kuamua kama tofauti kati ya vipimo ni ya kweli au ni bahati tu, iliandikwa 1908 na Gosset aliyekuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha bia cha Guinness, alikuwa na tatizo lilelile letu, vipimo vichache, vitatu au vinne tu, na uamuzi lazima utoke.

Na lugha isikuzuie kuuliza. Mi nilipoteza karibu semista nzima naitikia kwa kichwa vitu nisivyovisikia vizuri, watu wanaongea haraka na feni ya kufyonza hewa inanguruma. Mwambie mtu arudie. Hasa kama ni kuhusu asidi.

Wiki ijayo naanza kupima madini ya risasi (lead) kwenye maji, kiwango ambacho WHO inakitaja kwa maji ya kunywa ni 0.01 mg kwa lita, chini sana ukilinganisha na zinki yangu ile. Vyombo vimeshaingia kwenye asidi tangu leo jioni.